Tulivyomposa Fatha Bethwel

Kaplong, 5 Mei 2025

Bakule wangu Fatha Bethwel,

Chamgei. Ni mimi Kiptum, yule uliyetahiriwa naye asubuhi moja kwenye ile baridi, na kati yetu wawili ni wewe uliyekaribia kukunja uso. Nakukumbusha kwa sababu watu wakivaa ile kola nyeupe husahau mambo ya jandoni.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimekubali kufunga ndoa kanisani.

Usipige kengele bado. Unajua msimamo wangu. Mimi na Chepkurui tulifungwa nyasi za segutiet mkononi, mbele ya nyumba ya baba yake, ng'ombe wakiwa pale wanaonekana kwa macho. Kila katekista aliyekuja kunisumbua nilimwambia: mtu hatahiriwi mara mbili, na haoi bibi yule yule mara mbili. Hata wewe, mwaka uliopewa upadre, nilikujibu, "Siku utakayokuja kunifungisha wewe mwenyewe, nitakubali." Nilisema hivyo kwa sababu walikuwa wamekutuma Turkana. Nilijua hutarudi. Nani angefikiri mapadre hustaafu?

Sasa sikia kilichonipata. Siku zote mimi husalia nje ya kanisa pamoja na wazee wenzangu, tunaangalia pikipiki zisiibwe. Lakini Pasaka mvua ilitupiga, nikaingia ndani, nikakaa kando ya Chepkurui. Wakati wa Komunyo ulipofika, benchi letu lote likasimama. Yeye, kwa kuwa hatukufunga ndoa kanisani na haruhusiwi kupokea, akavuta magoti upande, hivi, ili watu wapite. Wakapita wote, hata yule Metrine wa hoteli anayetia maji kwenye maziwa. Wakirudi akavuta magoti tena. Nikamwuliza sikioni, "Unafanya hivi kila Jumapili?" Akanijibu, "Nyamaza. Kanisani hatuongei."

Bakule, siku hiyo hata maziwa ya mursik yalinishinda. Niliacha nusu kikombe, na wewe unanijua.

Paroko wetu, huyu kijana Fatha Bosire, ametupa tarehe: Jumapili 22 Juni, Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Angetufungisha yeye, lakini Chepkurui amekataa. Anasema miaka yote nimemwambia "Bethwel akija," basi na aje Bethwel. La sivyo ataendelea kuvuta magoti mpaka azikwe. Kwa hivyo njoo. Uongoze Misa, utufungishe, umpe Chepkurui Komunyo kwa mkono wako. Nimemaliza.

Dereva wa gari la maziwa atakuletea barua hii. Usimpe chai, atachelewa.

Ni mimi bwana harusi,
Kiptum


Nyumba ya Mapadre Wazee, Kericho
11 Mei 2025

Mpendwa Kiptum,

Nimefurahi kupata habari zako. Mungu ashukuriwe. Mpe shemeji Chepkurui pongezi zangu.

Kwa bahati mbaya sitaweza kuja. Miguu yangu hainipi nafasi ya kusafiri, na baridi ya mwezi wa Juni ni kali. Fatha Bosire ni padre kamili. Ndoa atakayofungisha ni ndoa, na Misa atakayosoma ni Misa. Nitawaombea siku hiyo.

Katika Kristo,
Fatha Bethwel


Kaplong, 15 Mei 2025

Fatha,

Nimekuita "Fatha" kwa sababu barua yako haikuandikwa na bakule. Imepigwa taipu kama ya chifu anayekataza pombe. Nimeigeuza nyuma nikitafuta muhuri.

Miguu? Kutoka Kericho hadi hapa umepanga kutembea? Nitakodi gari la mwalimu mkuu, lile lenye viti vya ngozi. Baridi? Ulizaliwa hapa kwenye majani chai! Umande ulikulowesha kabla hujajua jina lako. Sema lingine.

Ama ni sisi? Nimewaza sana nikichuna majani. Nimesema, labda Bethwel anaona aibu kwamba bakule wake ni mzee aliyekaa kwenye dhambi na wajukuu kumi na nne. Labda maaskofu watacheka. Kama ni hilo, sema wazi, nitakutukana vizuri kisha yaishe.

Nilimsomea Chepkurui barua yako. Alikuwa ameshatoa ile nguo nyeupe ya dada yake aijaribu. Aliikunja akairudisha kwenye sanduku, akaenda kukamua. Saa ya kukamua haikuwa imefika.

Nijibu kwa mkono wako, si kwa mashine.

Kiptum


Kericho, 20 Mei 2025

Bakule,

Haya, tazama mkono wangu. Hizi si alama za kuku aliyepita kwenye wino, ni mimi. Nimeandika tangu juzi, maneno machache kwa wakati mmoja. Zile barua za mashine ananipigia Sista Nelvine anayetutunza hapa.

Natetemeka, Kiptum. Ulianza mkono wa kulia, kidogo tu, nikauficha ndani ya kanzu. Sasa ni yote miwili. Daktari ana jina lake. Mimi sina haja nalo.

Alhamisi Kuu niliongoza Misa katika kikanisa chetu. Nilipoinua kalisi, divai ikishageuzwa kuwa Damu, ilinitoka. Ilianguka juu ya altare ikabingirika hadi sakafuni. Damu ya Bwana, Kiptum. Kwenye kitambaa, kwenye kanzu, kwenye saruji. Masista walipiga magoti wakipangusa kwa vitambaa na maji, nami nimesimama pale juu yao, sikuweza hata kuinama. Usiku ule ndio tunaokumbuka Bwana alipotupa Ekaristi na upadre pamoja, na mimi nikamwaga.

Tangu hapo sijasoma Misa. Nimewaambia wenzangu ni miguu. Nakaa benchi la nyuma, napokea kama watu wote. Sijaacha kusali. Lakini kila asubuhi, padre mwingine akisema yale maneno, midomo yangu inayasema, na mikono yangu naikalia.

Nimekuwa padre maisha yangu yote kwa sababu ya dakika ile moja. Siwezi kuja mbele ya watu wa nyumbani, siku ya furaha ya Chepkurui, nikamwangusha Bwana miguuni pake. Umeelewa sasa? Si nyinyi. Nisamehe ile barua ya chifu.

Usimwambie mtu.

Bethwel


Kaplong, 24 Mei 2025

Bakule,

Nimekupata. Nilisomea barua yako shambani, peke yangu, chai ikinifika kiunoni, na kama macho yangu yalitoa kitu ni ile dawa ya magugu.

Sasa nina shauri. Shida ya kalisi ni nini? Mdomo wake ni mpana. Chombo chochote cha mdomo mpana kitamwaga, hata mkono uwe wa askari. Chepkurui ana sotet, kibuyu cha mursik, amekipamba kwa shanga, shingo yake nyembamba hivi. Unaweza kukigeuza kichwa chini, kitoe tone moja moja kwa kuombwa. Tutakiosha, tutakipaka majivu ya mti wa senetwet, ukimwinua nacho Bwana hakuna kitakachoanguka. Mwulize Askofu.

Najua unacheka. Cheka. Nasikia huku.

Sitakubembeleza tena, nimechoka. Lakini nina swali la kawaida: hapo kwenu, mkubwa wa nyumba ni nani? Yaani mtu akitaka kuwatembelea kwa heshima, aanze na nani? Nauliza tu.

Siri yako naitunza. Hata Chepkurui sijamwambia, na kwa sababu hiyo nalala jikoni.

Kiptum


Kericho, 2 Juni 2025

Kiptum, mnyama wewe,

Kwanza, kibuyu hapana. Kanisa linataka chombo cha heshima kisichofyonza, na kibuyu chako kingefyonza Damu na kuirudisha ikinuka moshi. Nilicheka mpaka Sista Nelvine akaja na dawa ya kikohozi.

Pili. Jumamosi nilikuwa nimekaa uani naota jua. Nikaona watu wanane wanapanda kutoka langoni, mmoja nyuma ya mwingine, wazee kwa akina mama, wamevaa makoti kama ya harusi, wamebeba maziwa. Mbele yao ni Chepyegon, katekista wenu, na fimbo. Hawakunisalimia! Walinipita kama mti. Wakasimama mlangoni. Sista Nelvine akawauliza wanataka nini. Chepyegon akasema, "Hatukuja kuomba maji, wala hatukupotea njia. Nyumba hii ina binti. Tumekuja koito."

Sista Nelvine ni wa Bomet, anajua koito ni nini. Alitazama huku na kule akasema, "Lakini hapa kuna mapadre tu." Chepyegon akamjibu, "Ndiyo. Tumekuja kumposa mmoja."

Nilitaka kukimbia, lakini miguu ile niliyoisingizia ilikataa kweli.

Wenzangu, Kiptum! Hawa wazee huwa wanasinzia tangu chai ya saa nne. Walifufuka. Fatha Gekara, Mkisii, haoni kabisa, ana miaka tisini na moja, alidai kiti cha kichwa cha familia. Alisema kwao pia watu huposwa, hakuna wa kumfundisha. Wakawaweka wageni nje nusu saa kama desturi inavyotaka. Kisha wakawaingiza, wakanikalisha pembeni, na Sista akanifunika shuka kichwani kama bibi harusi.

Chepyegon akauliza ukoo wetu, asije akaposa ndugu. Fatha Gekara akajibu kwa sauti ya mahubiri, "Sisi ni wa ukoo wa Melkisedeki."

Chepyegon akakuna kichwa. "Huyo Melkisedeki maandiko yanasema hana baba wala mama. Sasa ng'ombe tutampelekea nani?"

"Utatuletea sisi," akasema Gekara. "Maziwa ya hapa ni ya pakiti."

Walipomaliza kucheka, Chepyegon akauliza lile swali ambalo huulizwa kila mara. "Mtuambie kasoro za binti. Tusije tukampeleka nyumbani ndipo tuzione."

Wakaanza. Anakoroma. Anaficha sukari chini ya mto. Akishindwa katika drafti anapindua ubao. Mimi ndani ya shuka nacheka. Halafu Fatha Gekara akainua mkono. Akasema, "Binti yetu mikono yake inatetemeka. Mimi sioni, lakini Alhamisi Kuu nilisikia kalisi ikianguka, na nikasikia jinsi alivyonyamaza baadaye. Sote tunajua. Tumekuwa tukingoja atuambie, naye anatuambia habari za miguu."

Nilikuwa nimekalia mikono yangu, Kiptum. Chini ya shuka.

Chepyegon akatazama wenzake, akauliza kwa mshangao wa kweli, sidhani alifundishwa na wewe, "Kwani tumekuja kutafuta mchuna majani?"

Mama mmoja akapiga vigelegele. Sijui kilichofuata vizuri. Najua Fatha Gekara alikuja akipapasa viti mpaka akanifikia, akavuta mikono yangu kutoka chini yangu, akaishika. Akasema, "Hii ilipakwa mafuta alipopewa upadre. Hakuna aliyesema mafuta yanaisha ikitetemeka." Nililia kama mtoto, na watu wako wakanipa maziwa.

Kwa hivyo nimeposwa. Fatha Bosire atasimama kando yangu na kushika kalisi. Nitasema maneno, nitainua hostia mwenyewe. Nitakuja.

Jambo dogo: mahari. Chepyegon amekubali kwa niaba yako kwamba utatupa mtamba wako mwekundu. Sista Nelvine ameshamwita fundi wa banda.

Bakule wako,
Bethwel


Kaplong, 12 Juni 2025

Bakule,

MTAMBA? Nilimtuma Chepyegon na jogoo! Nilimwambia, panda polepole, anzia kwa jogoo, malizia kwa jogoo. Yeye anasema ilikuwa "hali ya kiroho." Mtamba wangu mwekundu, mama yake alikuwa anatoa maziwa hadi ndoo inalia. Sawa. Mchukueni. Lakini Mkisii huyo kipofu asije akasema hakumwona vizuri akataka wa pili.

Chepkurui ametoa ile nguo tena. Nimerudi chumbani.

Jana nilienda kuungama kwa Fatha Bosire. Nilichukua muda mrefu, watu nje wakaanza kukaa chini. Mwisho akanipa Salamu Maria tatu. Nikamwambia, "Fatha, ongeza. Hao wa nje wakiona nimemaliza haraka watasema sikuishi." Amekataa. Vijana hawa hawana huruma.

Chepyegon ananifundisha kupokea, maana mara ya mwisho nilikuwa na meno yote. Anasema: macho yafunge, mdomo fungua, ulimi toa, usitafune kama mahindi. Nafanya mazoezi kwa biskuti. Wajukuu wamejipanga foleni nao.

Gari la mwalimu mkuu litakufikia Jumamosi.

Kiptum


Kaplong, 24 Juni 2025

Bakule,

Umerudi salama? Pete imekwama, kidole kimevimba. Chepkurui anasema afadhali.

Nakuandikia kwa sababu nina malalamiko. Katika harusi yangu mwenyewe, mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuona. Nilipiga magoti kando ya bibi yangu, macho nimefunga kama nilivyofundishwa, ulimi nje, nangoja zamu yangu. Nangoja. Kanisa lote likanyamaza, halafu akina mama wakapiga vigelegele. Nikafikiri nimekosea, nikatoa ulimi zaidi.

Sasa huku kila mtu ananiambia lake. Metrine wa hoteli anasema Chepkurui alimshika padre. Chepyegon anasema walishikana mikono. Yule shangazi kiziwi anasema mlipigana. Nimemwuliza Chepkurui mwenyewe, ananiambia, "Kanisani hatuongei." Nikamwambia lakini sasa tuko jikoni. Akanipa viazi nimenye.

Ulimfanya nini bibi yangu?

Kiptum


Kericho, 29 Juni 2025

Bakule,

Nitakuambia yote, na uyaweke.

Unajua niliogopa kuinua hostia kuliko yote. Fatha Bosire alikuwa karibu, bega lake likinigusa. Nilisema maneno. Nikainua. Na ilitetemeka, Kiptum, haikutulia hata kidogo. Ilirukaruka juu ya vidole vyangu kama kitu kilicho hai. Nikawaza: kwani si ndivyo tunavyofundisha? Maisha yangu yote nimemwinua akiwa ametulia kimya, na siku hiyo ndiyo nilimwona anasogea. Nilikaribia kucheka palepale altareni. Hofu yote ilinitoka, sikuitafuta tena.

Nikashuka kwenu. Chepkurui alikuwa amepiga magoti, macho wazi kabisa. Yeye hakufundishwa na Chepyegon. Nikachukua hostia, nikasema, "Mwili wa Kristo," na mkono ukaanza safari zake, kulia, kushoto, mara kwenye shavu lake, mara kwenye ua la nguo. Fatha Bosire akasogeza kisahani chini.

Chepkurui akanyoosha mkono akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Kwa nguvu. Vidole vyake ni vigumu, vya mtu aliyechuna na kukamua. Mkono wangu ukatulia kabisa. Akanitazama, akaniambia kwa Kipsigis nitulie, niende polepole: "Mutyo, Fatha." Kisha akauleta mkono wangu mdomoni mwake yeye mwenyewe, akasema Amina, akapokea.

Hakuniachia mara moja. Alibaki amenishika huku machozi yakimshuka hadi kidevuni, na mimi yangu. Ndiyo sababu ulingoja. Wewe ulikuwa pale kando na ulimi nje kama ndama, na hakuna aliyekukumbuka, wala Mungu nadhani.

Hilo ndilo nililomfanya bibi yako.

Hapa nyumbani jina langu limerudi kwenye zamu za Misa. Fatha Gekara husimama nami, yeye hana macho na mimi sina mikono, tunatoa padre mmoja mzima. Mtamba anakula vizuri.

Kengele inalia na leo ni mimi. Naenda.

Bethwel


Kaplong, 6 Julai 2025

Bakule,

Nimemsomea Chepkurui barua yako asubuhi hii. Alisikiliza hadi mwisho. Anasema umepamba. Anasema hakukushika kwa upole wowote, alikushika kama anavyoshika ng'ombe anayepiga teke, kwa sababu hangengoja miaka hiyo yote halafu akuache umpeleke Bwana sikioni.

Halafu akaniambia kitu ambacho hukuandika. Anasema aliporudi kwenye benchi alikuta watu wote wamevuta magoti, ili apite.

Sasa ni Jumapili. Amevaa viatu tangu alfajiri, ameketi mlangoni na mkoba mapajani. Nimemwambia Misa ni saa nne, bado mapema, hata Fatha Bosire hajaamka, naye Yesu mwenyewe labda anakunywa chai. Amesema niende nikachune majani kama nina haraka ya kazi, lakini yeye ameitwa kula na hataki kukuta sahani zimeoshwa.

Wacha nitafute soksi.

Kiptum